Mwanangu Anahitaji Mshauri, na Fedha Sina

Jumamosi moja tulikuwa jikoni kwa mwenzetu tukichambua mchele wa sherehe ya kipaimara. Nyumba yake iko katika mji mmoja ulio kando ya Reli ya Kati. Mazungumzo yalianza na bei ya mafuta ya kula, yakapita kwenye ada za shule, yakaishia kwa watoto wakubwa. Hapo ndipo mwenyeji wetu alipotuambia habari ya binti yake wa kwanza.

Binti huyo, mwenye umri wa miaka 22, alirudi kutoka chuoni kabla muhula haujaisha. Alisema anaumwa kichwa. Wiki ya kwanza mama yake alimpa dawa ya maumivu na uji. Wiki ya pili akampeleka kupima malaria, hakuwa nayo. Wiki ya tatu binti alikuwa bado anashinda chumbani, mlango umefungwa, chakula kinarudi kama kilivyokwenda, na usiku mama anamsikia akitembeatembea. Kila alipoulizwa ana nini alijibu, “Hakuna kitu, mama.”

Mama akafanya kama wengi wetu tungefanya. Aliwaita shangazi wawili wa binti, wakamkalisha sebuleni wakamhoji. Je, ni mimba? Ni mwanamume? Umefeli? Binti alilia, asiseme neno. Kisha wakaomba pamoja. Kuomba lilikuwa jambo jema, lakini shangazi mmoja aliyataja katika sala, kwa sauti, mambo yote aliyokuwa akiyashuku. Binti aliinuka akaenda chumbani kabla ya amina.

Jirani akamwelekeza mama kwa mshauri mmoja mwenye ofisi nzuri mjini. Malipo yalikuwa shilingi 50,000 kwa saa moja, na huenda zingehitajika saa sita au nane. Mwenzetu huyu anauza vitumbua. “Nilirudi nyumbani nikihesabu vitumbua njia nzima,” alituambia.

Tunaiandika habari hii kwa sababu tunajua hayuko peke yake. Wako akina mama wengi wanaoona kijana wao anazama, wanatamani apate mtu wa kumsikiliza, na wanadhani msaada huo ni wa matajiri. Sivyo. Ila kuna jambo moja ambalo mama atatakiwa kulitoa, nalo ni gumu kuliko fedha. Tutalifikia.

SI UVIVU, WALA SI KIBURI

Umri wa miaka 18 hadi 25 ni wa mizigo mingi. Kijana anatoka nyumbani, anakutana na mitihani migumu, mapenzi, madeni, na kutafuta kazi isiyopatikana. Mbele ya watu ni mtu mzima, lakini mfukoni bado anategemea wazazi. Mara nyingi hapo ndipo maumivu ya zamani yanapojitokeza. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba nusu ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla mtu hajafika miaka 18, na mengi hayatambuliwi. Shirika hilo linasema pia kwamba zaidi ya watu 720,000 duniani hufa kila mwaka kwa kujiua, na kwa takwimu za mwaka 2021 hiyo ilikuwa sababu ya tatu ya vifo vya vijana wa miaka 15 hadi 29.

Je, mama atajuaje kwamba huu si uchovu wa kawaida? Tazama mambo yanayodumu wiki mbili na zaidi: usingizi umepotea au umezidi mno, chakula hakiliki, kuoga na kuvaa kumekuwa mzigo, rafiki hawatafutwi tena, jambo lililomfurahisha zamani, kama kwaya au mpira, halimvutii. Wengine hawasikitiki, bali hukasirika kwa jambo dogo. Wavulana hasa huuficha uchungu katika pombe na ukali. Tusikimbilie kumwita mvivu au mwenye kiburi.

Wala tusimwambie kwamba amepungukiwa imani. Tumkumbuke nabii Eliya. Baada ya ushindi mkubwa alikimbilia jangwani, akaketi chini ya mti akaomba afe. Mungu hakumkaripia. Kwanza alimwacha alale, akampelekea mkate na maji, akamwacha alale tena. Mazungumzo yalikuja baadaye.

NENO TUNALOLIJUA TANGU ZAMANI

Baadhi yetu tunaposikia “ushauri nasaha” tunafikiri ni jambo geni la watu wa mijini. Lakini tumelijua miaka mingi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika nchi yetu walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Mwaka 1989 ilianzishwa WAMATA huko Dar es Salaam, ili kuwasaidia walioambukizwa pamoja na jamaa zao. Miaka ya 2000 tukazoea kuviona vituo vya Angaza. Huko watu walijifunza kwamba unaweza kukaa na mtu usiyemjua, katika chumba kilichofungwa, ukasema jambo zito, na lisisikike sokoni kesho yake.

Ushauri wa kijana wako ni wa namna hiyo. Mshauri aliyefundishwa hamhubirii wala hamwamulii. Anasikiliza, anauliza, anamsaidia kuyapanga mambo yaliyochanganyika na kuchagua hatua ndogo ya kuanzia. Kwa kawaida huketi naye chini ya saa moja, kisha wakaonana tena baada ya wiki moja au mbili. Akiona dalili za ugonjwa unaohitaji dawa, humpeleka kwa daktari. Yale anayoambiwa huyatunza kwake, isipokuwa uhai wa mtu uwe hatarini au mtoto awe anadhuriwa.

MAHALI PA KUANZIA

Anza karibu na nyumbani. Nenda na kijana katika zahanati au kituo cha afya, mweleze mganga kama unavyoeleza homa: lini ilianza, halali usiku mangapi, anakula nini. Omba barua ya rufaa ya kwenda hospitali ya wilaya au ya mkoa yenye kliniki ya afya ya akili. Kufuata ngazi hizi mara nyingi hupunguza gharama. Hospitali ya Taifa Muhimbili iliyoko Dar es Salaam na Hospitali ya Mirembe iliyoko Dodoma zina wataalamu wa mambo haya, lakini si kila kijana anahitaji kufika huko. Wengi husaidiwa vizuri na muuguzi wa afya ya akili aliye jirani.

Kama gharama ya hospitali inakushinda, usigeuke langoni. Mwombe afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Sera ya kuchangia huduma za afya ina utaratibu wa msamaha kwa wasio na uwezo, na yeye ndiye anayeushughulikia. Kama mna bima, uliza mapema kama kijana bado yumo, kwa kuwa watoto hutolewa katika bima ya wazazi wakipita umri uliowekwa.

Ikiwa kijana yuko chuoni, mwulize kuhusu ofisi ya mlezi au mshauri wa wanafunzi. Vyuo vikuu vingi vina mtu wa kazi hiyo, na mwanafunzi hamlipi. Vijana wengi hawaendi kwa kuogopa kwamba habari zao zitafika kwa wahadhiri. Mwambie ana haki ya kuuliza swali hilo kwanza, kabla hajasema lolote.

Ofisi ya ustawi wa jamii ya kata au wilaya haitozi ada. Ikiwa kijana amepigwa, amebakwa au anatishwa, liko Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi, na baadhi ya hospitali zina vituo vya Mkono kwa Mkono, ambako daktari, polisi na ustawi wa jamii hupatikana mahali pamoja. Kwa aliyebakwa, tusikae vikao vya ukoo kwanza. Afike hospitali upesi iwezekanavyo, kwa maana dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zinatakiwa kuanza kabla ya saa 72 kupita.

Kwa wadogo zake walio chini ya miaka 18, simu ya msaada kwa watoto ni 116, na kuipiga ni bure, Tanzania na Kenya pia. Wasomaji wetu wa Kenya wanaweza vilevile kupiga 1199, simu isiyolipiwa ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, kwa msaada wa kisaikolojia.

Usilisahau kanisa. Lutindi, katika milima ya Usambara, ni hospitali ya wagonjwa wa akili ya Kanisa la Kilutheri, na kazi hiyo imefanyika pale kwa zaidi ya miaka mia moja. KCMC huko Moshi wachungaji wamefundishwa namna ya kukaa na wagonjwa na wenye uchungu. Mwulize mchungaji wako kama yeye au mwenzake amepata mafunzo ya ushauri. Mchungaji mwema ataomba na kijana, na hataona haya kumtuma pia kwa daktari.

Mwisho, hata washauri wa kulipwa wanaweza kuulizwa. Sema wazi, “Naweza kulipa kiasi hiki.” Wengine hupunguza, au humpeleka mteja kwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anayefanya mazoezi chini ya msimamizi. Asiyeuliza hawezi kujua.

AKINA BIBI WA HARARE

Kuna habari ya Zimbabwe inayotuhusu sana sisi wanawake. Daktari mmoja wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alikuwa na mgonjwa, msichana, aliyekuwa arudi hospitalini kumwona. Hakurudi. Baadaye mama yake alimpigia daktari simu kumweleza kwamba binti amejiua. Daktari alipouliza kwa nini hawakuja, alijibiwa kwamba hawakuwa na nauli, dola 15.

Jibu hilo halikumwacha. Mwaka 2006 alianza kufanya kazi na wanawake wazee wa mtaani huko Harare, ambao tayari walikuwa wahudumu wa afya wa kujitolea. Walifundishwa kumsikiliza mtu na kumsaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine, wakiketi naye kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Kwa Kishona walitumia neno “kufungisisa”, yaani kuwaza kupita kiasi. Hata sisi tunasema mtu “ana mawazo”, na kila mtu anaelewa. Watafiti walipowafuatilia wagonjwa 573 katika zahanati 24, na matokeo kuchapishwa mwaka 2016, walioketi na akina bibi walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umefika pia Zanzibar.

Tumejifunza mambo mawili hapa. La kwanza, mtu wa kawaida akifundishwa kusikiliza anaweza kuokoa maisha. Je, umoja wetu wa wanawake hauwezi kumwalika muuguzi wa afya ya akili atufundishe siku moja? La pili, wakati mwingine kinachozuia ni nauli tu. Kikundi cha kuweka na kukopa kinachochangia misiba na harusi kinaweza kutenga fungu dogo la nauli ya kliniki, bila kuuliza ni ya nani na anaumwa nini.

KABLA YA KUMKABIDHI MTU KIJANA WAKO

Si kila ajiitaye mshauri ni mshauri. Ulizeni: Umesomea wapi kazi hii? Nani anakusimamia? Tutalipa nini, na kwa siku ngapi? Utaitunzaje siri? Anayekasirika kwa maswali haya, muagane naye. Mkimbie anayedai sadaka kubwa kabla ya kuomba, anayemfunga mgonjwa kamba au kumpiga, anayekataza dawa za hospitali, na anayesimulia habari za watu wengine mbele yenu. Akitoa za wengine, na zenu atazitoa. Binti asikubali mshauri anayetaka waonane gesti au usiku.

Ikiwa kijana hakumpenda mshauri wa kwanza, hilo si kosa lake. Ajaribu mwingine.

USINGOJE KESHO

Ziko dalili zisizosubiri miadi: kijana anasema angependa asingekuwepo, anaaga watu, anagawa vitu vyake, anatafuta sumu au kamba, au ametulia ghafla baada ya uchungu mwingi. Mwulize wazi, kwa upole, “Mwanangu, unafikiria kujiua?” Wengine huogopa kwamba swali hilo litampa wazo. Wataalamu wanasema halimpi. Mara nyingi humpa nafasi ya kusema. Usimwache peke yake. Toa nyumbani dawa ya panya, dawa za shambani na vidonge vilivyobaki. Mpeleke hospitali iliyo karibu siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Vivyo hivyo akianza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii.

BENCHI LA NJE

Turudi jikoni. Mwenzetu hakupata shilingi 50,000. Alikwenda zahanati, akaandikiwa barua, na siku ya kliniki akampeleka binti hospitali ya mkoa. Muuguzi wa makamo aliwapokea, akawasalimu wote wawili, kisha akamwambia mama, “Shikamoo yako nimeipokea, dada yangu. Sasa tuachie nafasi kidogo, utungoje hapo nje.”

“Nilikasirika,” alituambia. “Mimi niliyemzaa, nikae nje! Nilisogea karibu na dirisha nisikie. Yule muuguzi akainuka akalifunga.”

Alikaa kwenye benchi dakika 50. Binti alitoka macho mekundu. Njiani mama alimwuliza wamezungumza nini. Binti alinyamaza, na mama akaona kwamba uso uliokuwa umeanza kufunguka unafungika tena. Akaacha. Safari ya pili hakuuliza. Alinunua machungwa mawili, wakala kituoni wakisubiri basi. Walikwenda mara sita kwa muda wa miezi mitatu. Fedha iliyotoka ilikuwa ya kadi, nauli na machungwa.

Hilo ndilo jambo gumu kuliko fedha: kukubali kwamba mwanao atamwambia mtu mwingine mambo ambayo hajakuambia wewe. Tumewabeba, tumewanyonyesha, tumewakesha. Tunaona kama tumenyang'anywa. Lakini mara nyingi kijana hamfichi mama kwa sababu hampendi. Anaogopa kumvunja moyo. Mbele ya mgeni hana hofu hiyo. Akishasema kwa mgeni na kuona kwamba mbingu hazikuanguka, huenda siku moja akasema nyumbani. Na asiposema, bado amepona, na kupona ndiko tulikokuombea.

Tusidanganyane, haikuwa rahisi. Binti alipoteza mwaka mmoja wa masomo, na ziko siku chumba kilifungwa tena. Shangazi yule aliyeomba kwa sauti alikuja baadaye kumwomba radhi. Binti alimsamehe, ila hajamweleza kitu. Sasa amerudi chuoni, na anapokuwa nyumbani anakaanga vitumbua na mama yake alfajiri. Asubuhi moja mbele ya jiko alimweleza mama sehemu ya yaliyompata. “Kidogo tu,” mama alisema. “Mengine sikuuliza.”

Tuliomba tuandike habari hii. Mama alisema si yake kuitoa, tumwulize mwenyewe. Binti alikuwa uani akianika kanga. Alifikiri kidogo, akakubali kwa sharti kwamba tusitaje jina, wala mji, wala chuo. Kisha akaingia jikoni, akavuta ungo, akaketi kati yetu kuchambua mchele.